Vidonge vya kukuza ubongo: nimnunulie mama?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu alipata kiharusi wiki 6 zilizopita. Mkono wa kushoto bado mzito, vidole vinafunguka kidogo tu. Kuna mtu anatuuzia vidonge, anasema vina protini za kukuza ubongo uliokosa damu. Ninunue?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Usinunue. Protini hizo zipo kweli, ila ukizimeza, tumbo huzimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Hata zikidungwa mshipani, ni kubwa mno kupenya kwa urahisi ukuta unaotenga damu na ubongo.

Lakini ubongo wa mama unazitengeneza wenyewe. Damu inapopungua, seli huhisi uhaba wa oksijeni na kuanza kuzalisha VEGF, protini inayochipusha vijishipa vipya vya damu kando ya sehemu iliyoumia. (Waliogundua jinsi seli zinavyohisi uhaba huo, Semenza, Ratcliffe na Kaelin, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.) VEGF ina madhara pia. Panya waliopewa VEGF saa za mwanzo baada ya kiharusi, mishipa yao ilizidi kuvuja. Waliopewa siku 2 baadaye walipata nafuu. Sasa huyo muuzaji anajuaje mama yuko siku gani?

Protini nyingine ni BDNF, iliyotengwa kutoka ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Hii huimarisha miunganiko ya neva, na neva huitoa zaidi zinapofanya kazi. Ndiyo maana kila mgonjwa wangu namuuliza: leo mkono umefanya nini? Nimeona familia zenye mapenzi makubwa zikimlisha mgonjwa, zikimvisha, zikimchana nywele, na mkono umelala mapajani tangu asubuhi. Huniuma sana, kwa sababu miezi 3 ya mwanzo ndiyo ambayo mara nyingi nafuu huja kwa kasi.

Mpe mama kikombe kitupu cha plastiki, akishike kwa mkono ule ule mzito, hata kikimponyoka mara 20. Kifungo kimoja cha blauzi aachiwe afunge mwenyewe, nanyi mvumilie. Mtaalamu wa fiziotherapia awapangie kiasi. Dawa za presha asiziache. Na mnapomwinua kitandani, msimvute kwa mkono huo: bega la upande uliopooza huteguka upesi, na likiuma hatataka tena kuutumia.