Hema Limerudi Limeharibika: Nani Alipe?

Wiki iliyopita, nikiwa nyuma ya kaunta nikishona mkanda wa begi, niliwaona wenzetu wawili wapya wakifanya makosa mawili yanayopingana, tena ndani ya saa moja. Wa kwanza alimtoza mteja shilingi 35,000 kwa zipu ya hema iliyogoma kufunga, ilhali kichwa cha zipu kilikuwa kimeliwa na chumvi mpaka kikatoa unga mweupe, jambo ambalo siku mbili za kulala ufukweni Ushongo haziwezi kulifanya. Wa pili alimsamehe kijana aliyerudisha hema lenye tundu la moto la ukubwa wa kisahani cha chai, kwa sababu tu kijana huyo alisema kwamba ilikuwa ajali, akaapa na kuapa tena. Nilitaka kugomba, nikajizuia, kwa kuwa makosa yote mawili nimewahi kuyafanya mimi mwenyewe katika kazi hiihii ya kukodisha mahema na vifaa vya kambi, hapahapa Tanga, na moja kati ya hayo bado linanitoa jasho. Basi wadogo zangu, someni haya kabla ya kugusa fomu nyingine ya makabidhiano.

1. Neno "ajali" halijibu swali lolote. Karibu kila kinachoharibika mikononi mwa wateja huharibika kwa ajali. Sijapata kumwona mtu aliyelipa amana kisha akachana hema kwa makusudi. Swali lenu ni kama alikitunza kifaa inavyopaswa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza ya kwake. Akifanya hivyo na bado ikaharibika, hawajibiki, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Tawi lililodondoka usiku kwenye msitu wa Magamba si kosa la mteja. Jiko la gesi lililowashwa ndani ya hema ni kosa lake, hata akilia machozi, maana onyo hilo tunamsomea na analitia saini.

Kati ya hayo mawili pana mambo ambayo fomu haiyasemi, na hapo ndipo macho yenu yanapohitajika. Mteja mmoja aliniambia kwamba upepo wa kusi ulimvunjia fito tatu za alumini, nami nikawa karibu kumwamini, kwa sababu kusi la Julai tunalijua sote. Kisha nikafungua mfuko wa vigingi. Vilikuwa vimefungwa kwa mpira uleule niliovifungia mimi, kwa fundo langu, bila chembe ya mchanga. Hema halikuwa limepigiliwa chini hata kwa kigingi kimoja, na upepo ulilichukua kama tanga la ngalawa lisilo na nahodha. Alilipa, tena bila ubishi, baada ya kuutazama ule mpira kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

2. Kinachooza ghalani ni chetu. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini, wakati wa masika, kikundi kimoja kilirudisha mahema mawili makubwa ya watu wanane kutoka Lushoto, yakichuruzika maji. Ilikuwa Ijumaa jioni, mvua inanyesha, na kamba za kuanikia ziko uani. Nikayakunja mabichi, nikayasukumia mifukoni, nikajiambia kwamba nitayaanika kesho. Mahema ya ukubwa huo hayaulizwi sana, na kesho yangu ilifika Agosti ya mwaka uliofuata, alipokuja mwalimu kutoka upande wa Muheza aliyekuwa akiwapeleka watoto wa skauti kwenye Mapango ya Amboni. Nilimpa moja bila kulifungua. Mfuko ulikuwa msafi kwa nje, nami nikaona hiyo inatosha.

Mnajua kilichokuwa ndani. Utando wa poliyurethani unaozuia maji kupenya kitambaa huvunjwavunjwa na unyevu, na joto la ghala letu huharakisha kazi hiyo. Hema hunata kama gundi, hunuka kama maziwa yaliyochacha, kisha utando wenyewe hubanduka vipandevipande kama ganda la kitunguu. Siku ya tatu mwalimu alirudi. Alianza kwa kuniambia kwamba watoto wamelowa usiku kucha, nami nilimjibu kwa kumuuliza hema langu wamelifanyia nini. Nilikwangua sakafu ya hema kwa ukucha mbele yake, nikamwonyesha yale magamba meupe kama wakili anayeonyesha kielelezo mahakamani, nikamweleza kwamba lazima walimwaga kitu chenye dawa. Nikazuia amana yote, shilingi 150,000. Hakugomba. Aliomba risiti tu, kwa sababu fedha zile zilikuwa michango ya wazazi na alipaswa kuzitolea hesabu.

Wiki tatu baadaye nililitoa hema la pili, ambalo halikuwa limekodiwa na mtu yeyote tangu masika yale, na harufu ilinipokea kabla sijamaliza kulegeza kamba ya mfuko. Nikaketi sakafuni. Wala sikukimbilia kutubu, msinifanye mtakatifu. Nilinyamaza siku nyingine kumi nikitafuta maelezo ambayo yangeniweka nje ya kosa. Hata kama ningeyapata, sheria ileile niliyoitaja inambebesha anayekodisha kwa malipo madhara ya kasoro iliyomo katika mali yake, iwe aliijua au hakuijua, na mimi niliikunja kasoro ile kwa mikono yangu. Nilipomwambia bosi, hakupaza sauti. Alisema, "Ulishaandika risiti moja, sasa nenda ukaandikiwe nyingine," akanihesabia fedha, ila nauli akaniachia mwenyewe.

Nilimkuta mwalimu darasani. Alihesabu noti mara mbili, akachana karatasi ya daftari, akaniandikia risiti kwa mwandiko wa ubaoni. Ndipo aliponieleza kwamba baada ya safari ile alifanya uchunguzi kati ya wanafunzi, na mtoto mmoja aliyelala karibu na mlango alikiri kwamba ndiye aliyemwaga maji yenye sabuni. Hakuwa amemwaga chochote. Alikiri ili wenzake waache kumsema. Nilisimama pale na risiti yangu mkononi, na mwalimu akaniuliza kwa upole kama ningependa kuingia darasani nimwambie mtoto mwenyewe. Niliingia. Hotuba yangu ilikuwa ya sentensi mbili, na ya pili sikuimaliza.

Kwa hiyo nikiwafokea kuhusu kamba za kuanikia, mjue ninamfokea nani.

3. Fungua kila kifaa mbele ya mteja kinapotoka, piga picha, kisha mtie saini wote wawili.

4. Anayestahili kulipa hulipa thamani iliyobaki, si bei ya dukani. Hema lililonunuliwa kwa shilingi 480,000, nasi tukalipangia maisha ya miaka 4, likiungua mwishoni mwa mwaka wa tatu lina shilingi 120,000 tu ndani yake. Wapo wanaopenda kumuuzia mteja hema jipya ambalo hatalichukua nyumbani, wakisema Tanga ni waja leo waondoka leo na mteja hatarudi. Mteja anaweza asirudi, lakini simulizi yake hufika kituo cha mabasi kabla yake.

5. Mikwaruzo chini ya kayaki ni uchakavu wa kawaida. Msimtoze mtu kwa sababu Tanga ina mawe.

6. Dawa ya mbu yenye kiambato cha DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, na vioo vya tochi zetu za kichwani ni vya plastiki. Mteja akijipaka kisha akaishika tochi, kioo kikaingia ukungu, nani alipe? Kama tulimwambia, yeye. Kama hatukumwambia, sisi, kwani busara ya kawaida haimfundishi mtu kemia. Na betri za tochi hizo zitolewe kabla ya kuwekwa rafuni.

Sasa nirudi kwenye zipu. Yule mteja bado yuko mjini, amefikia Ngamiani hadi Jumamosi. Shilingi 35,000 zake nimezitia kwenye bahasha, ipo droo ya chini kabisa, na aliyezipokea ndiye atakayezipeleka. Nauli ni juu yake.