Idhini kwanza, sampuli baadaye: jibu kwa Baba Zawadi

Baba Zawadi, simamisha kila kitu leo. Hizo sahani 40 za bakteria zilizo kabatini zisifunguliwe, na Zawadi asimpime presha mama mwingine yeyote kanisani.

Kwa ambao hamkuliona swali: binti yake yuko darasa la 11 huko Texas na ana ndoto ya udaktari. Baba anauliza programu gani za kiangazi zinawapa wanafunzi wa sekondari mafunzo ya utafiti wa tiba, kama ile ya dola 6,500 inafaa, insha iandikweje, na barua ya mwalimu iombwe lini. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, anataja kwamba binti "ameshaanza mradi wake". Amepangusa simu za watu kwa pamba, akaotesha bakteria nyumbani, akapima presha akina mama 22 wa Afrika Mashariki baada ya ibada. Maonyesho ya sayansi ya mkoa ni Februari, fomu atajaza Januari.

Hapo kwenye fomu za Januari ndipo moyo uliponipasuka.

Fomu hazijazwi mwishoni, kaka yangu. Maonyesho ya mikoa yanayopeleka washindi ISEF, yale maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi wa sekondari, hufuata kanuni za ISEF, na kanuni hizo zinataka mradi unaogusa watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vijidudu uidhinishwe KABLA ya jaribio kuanza. Kamati ya maonyesho inapofungua faili haianzi na matokeo. Inaanza na tarehe. Tarehe ya idhini ikija baada ya tarehe ya sampuli ya kwanza, mradi umekwisha, hata kama mtoto amegundua dawa. Idhini ya baadaye haiwezi kufunika kazi iliyokwishafanyika.

Najua ushauri huo wa Januari unatoka wapi, maana na sisi tuliuziwa. Mshauri wa kulipwa alituambia, "Fanyeni kazi kwanza, makaratasi ni ya mwisho." Alilipwa hadi senti ya mwisho. Kazi ya miezi saba ikarudishwa kabla jaji yeyote hajaisoma, na simu yake siku hiyo haikupatikana. Mtu anayekula pesa ya mzazi wa kazi mbili bila kufungua kanuni ambazo ziko wazi mtandaoni, bure, anamwibia mtoto mwaka mzima. Sitalainisha neno hilo.

Sasa tuangalie kosa lenyewe, maana hapa yako mawili.

La kwanza ni bakteria. Kanuni za ISEF zinakataza kuotesha vijidudu nyumbani, hata vile vinavyohesabiwa havina madhara. Kabati, jiko na gereji zote ni nyumbani. Kinachoruhusiwa ni kuchukua sampuli nyumbani na kuipeleka moja kwa moja maabara. Sababu ni hii: unapopangusa simu hujui umebeba nini. Chembe moja isiyoonekana, ikilala kwenye agari, ile jeli yenye lishe ya kuoteshea vijidudu, katika joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili wetu, kesho yake ni doa lenye mamilioni. Na joto hilo linawapendelea hasa wale waliozoea kuishi ndani ya binadamu. Kilichokuwa uchafu wa kawaida kwenye kioo cha simu sasa ni shamba, na shamba liko chumba anacholala mdogo wake.

Maabara ya shule ya kiwango cha 1 cha usalama wa kibayolojia, yaani kile cha chini kabisa, inatosha kwa vijidudu visivyojulikana kutoka kwenye mazingira, kwa masharti: sahani ziwe za plastiki, zifungwe kwa utepe tangu mwanzo hadi mwisho, na sampuli isiwe na kinyesi cha mtu wala mnyama. Ukifungua sahani ili uhamishe doa moja kwenda sahani nyingine, umeruka kwenda kiwango cha 2, na shule nyingi hazina maabara ya kiwango hicho. Watoto wengi wanakwama hapo. Wanaanza vizuri kwa kuhesabu madoa sahani zikiwa zimefungwa, kisha mtu anawaambia "jaribu antibiotiki", wanafungua kifuniko, na kibali walichonacho hakifiki huko.

Hizo 40 msizitupe kwenye pipa la jikoni. Mwandikie mwalimu wa baiolojia leo, umweleze ukweli wote, na uulize kama shule ina otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Joto la nyuzi 121 kwa angalau dakika 30 linamaliza kazi. Kama haina, afanye mtu mzima, tena nje au mahali penye hewa: glavu, miwani ya kinga, ndoo yenye sehemu 1 ya klorini ya kufulia kwa sehemu 9 za maji iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Sahani izamishwe ikiwa imefungwa, ifunguliwe ikiwa chini ya maji, ikae humo dakika 30. Klorini hiyo isikutane na siki, amonia wala sabuni ya chooni, maana inatoa gesi yenye sumu.

La pili ni presha, na hili naona hata hujaliona kuwa ni kosa. Kumfunga mama mkanda mkononi na kuandika namba ni utafiti juu ya watu. Kumuuliza maswali kwa karatasi pia ni utafiti juu ya watu. Undugu haukuondolei sharti, wala kwamba wote walikubali kwa furaha. Inatakiwa kamati ya maadili, IRB, ambayo shule inaweza kuiunda yenyewe ikiwa na watu wasiopungua watatu: mwalimu, mmoja wa wakuu wa shule, na mtu wa afya anayefaa kupima hatari ya utafiti huo, kwa mfano daktari au muuguzi aliyesajiliwa. Wewe mzazi huruhusiwi kukaa humo kwa mradi wa mwanao. Mwalimu anayemsimamia haruhusiwi pia.

Kamati itataka kuona maswali yote, namna ya kuomba ridhaa, namna majina yatakavyofichwa, na nini kitafanyika presha ya mtu ikisoma 190 kwa 120 pale kanisani. Hilo la mwisho watoto hulisahau kabisa, na kamati ina haki ya kuukwamisha mradi kwa ajili yake. Kama akina mama wale wanasoma Kiswahili kuliko Kiingereza, karatasi ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na kamati ipewe nakala zote mbili. Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa.

Zile namba 22 ziwekwe kando. Zisiingie kwenye jedwali, bango wala insha. Najua inauma.

Kuna atakayekunong'oneza urudishe tarehe nyuma. Usithubutu! Hapo unatoka kwenye kosa la utaratibu unaingia kwenye udanganyifu wa kisayansi, na huo nao unaondoa mradi mashindanoni. Zaidi ya hapo, unamfundisha mtoto anayetaka kuwa daktari kughushi karatasi ya mgonjwa.

Fomu zenyewe. Pakua za mwaka huu, si za mwaka jana, kwa kuwa hubadilishwa. Kwenye tovuti ya ISEF kuna mfululizo wa maswali. Ukijibu, unaambiwa mradi wako unahitaji fomu zipi. Kila mradi una 1, 1A pamoja na mpango wa utafiti, na 1B. Mradi unaogusa watu unaongeza 4. Wa vijidudu unaongeza 6A. Hatari za kimaabara zinaleta 3, na pale anapotakiwa mwanasayansi msimamizi kuna 2. Akifanyia kazi chuoni au kituo cha utafiti kuna 1C, na hii ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu hujazwa na msimamizi wa pale BAADA ya kazi kwisha. Nadhani mshauri wetu aliiona hiyo moja akadhani zote ziko hivyo.

Mpango wa utafiti usiwe kurasa mbili za maneno mazuri. Uandikwe kiasi kwamba mgeni angeweza kufanya jaribio bila kumpigia Zawadi simu: sahani ngapi, agari gani, joto gani, saa ngapi, kila kipimo mara ngapi, taka zinakwenda wapi. Kama atapima majani kama mwarobaini dhidi ya bakteria aliyenunuliwa kutoka kampuni ya vifaa vya shule, aina ya E. koli K-12 isiyo na madhara, akiweka dawa ya majani kwenye vidonge vya karatasi, yaani vipande vidogo vya duara vinavyolazwa juu ya agari, lazima awe na kidonge cha karatasi chenye ethanoli peke yake. Ethanoli aliyotumia kukamua majani inaua bakteria yenyewe. Bila kipimo hicho hajui kilichoua ni jani au ni pombe. Vidonge vikaushwe kabisa kabla ya kuwekwa, agari iwe na kina cha milimita 4 sahani zote, kwa sababu ikiwa nyembamba dawa inasambaa zaidi na lile duara tupu ambamo bakteria hawakuota linadanganya. Kila kitu mara tatu.

Ila kwa muda uliobaki hadi Februari, ningemshauri aache vijidudu kabisa. Takwimu zilizopo tayari, zilizo wazi kwa umma na zisizo na majina, hazihitaji IRB. Anapenda presha? Marekani kuna NHANES, uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe unaofanywa na CDC, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa: maelfu ya watu waliopimwa na wataalamu, wengi wao wakiwa na vipimo vya presha hadi vitatu, bure. Faili zinaunganishwa kwa SEQN, namba ya kila mshiriki. Atumie programu ya takwimu ya R na kifurushi cha survey, na asiache uzito wa sampuli (namba inayoonyesha kila mshiriki anawakilisha watu wangapi), WTMEC2YR, pamoja na SDMVSTRA na SDMVPSU, zinazoonyesha jinsi sampuli ilivyopangwa. Akichukua wastani wa kawaida tu atapata jibu lisilo la Marekani, kwa kuwa makundi mengine yalichukuliwa kwa wingi makusudi. Akiunganisha mizunguko miwili ya miaka miwili miwili, uzito unagawanywa kwa 2. Na aangalie chombo: presha za zamani zilipimwa kwa sikio na stethoskopu, za karibuni kwa mashine. Asizichanganye kama vile ni kitu kimoja. Tatizo moja atakutana nalo: kuhusu mahali pa kuzaliwa, faili la wazi linasema Marekani au kwingineko tu, kwa hiyo swali lake kuhusu akina mama wa Afrika Mashariki halitajibika humo. Abadilishe swali, asilazimishe takwimu. Hata huko bado anajaza 1, 1A na 1B kabla ya kuanza.

Kuhusu programu. Kwa dola 6,500 mara nyingi unanunua cheti na mtu wa kwenye Zoom. Programu zenye heshima kubwa hazifanyi hivyo: RSI, programu ya utafiti ya kiangazi iliyoko chuo cha MIT, haitozi ada, mwanafunzi anagharamia nauli, na ile ya Simons ya chuo cha Stony Brook haitozi ada ya masomo. Zote mbili ni za walio darasa la 11, na Simons inataka shule impendekeze. Maombi ya nyingi hufungwa kati ya Desemba na Februari. Kabla ya kuandika neno moja la insha tazama sharti la uraia, kwa kuwa nyingi, Simons ikiwemo, zinataka raia au mwenye makazi ya kudumu. Hili liwafikie hasa ndugu zetu wa Kongo walioingia kama wakimbizi: baada ya mwaka mmoja nchini mnaomba green card, basi msikae miaka mitatu bila kuomba huku mtoto anafungiwa milango. Tazama pia umri, maabara nyingi hazipokei aliye chini ya miaka 16.

Na hata akipata maabara ya profesa, sheria ni ile ile. Siku ya kwanza, kabla ya kuvaa koti, aulize: "Idhini ya kazi hii iko kwa nani, na mimi nimo ndani yake?" Profesa ana vibali vya kituo chake, lakini havimbebi mtoto moja kwa moja hadi kwenye maonyesho. Kamati itataka nakala zenye tarehe.

Jumatatu asubuhi piga simu shuleni uulize swali moja tu: nani anaongoza kamati ya IRB ya shule, na inakutana lini tena. Wakisema hawana, uliza ofisi ya maonyesho ya mkoa, mara nyingi wana kamati inayopokea miradi ya shule zisizo nayo. Ukipata tarehe iandike hapa, tutahesabu pamoja siku zilizobaki hadi Februari.