RAM haina kosa, gemu ndilo lenye kasoro

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi. Nimemaliza bando la mwezi kudaunlodi The Last of Us Part I kwenye laptopu yenye RAM ya GB 16 na kadi ya picha GTX 1650. Hadithi imeninasa, ila kila nikiingia sehemu mpya picha inaganda kidogo ndipo iendelee. Fundi wa huku kaniwekea programu ya kuongeza kasi, haikusaidia. Sasa anasema ninunue RAM ifike 32. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na waliotengeneza gemu hilo wanataja GB 16 kwenye kiwango cha chini, na GB 16 hiyohiyo kwenye kiwango wanachopendekeza. Hiyo 32 wanaitaja kwa ngazi za juu zaidi tu, ambazo kadi yako haizifikii.

Gemu lilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, wenye mashine za bei mbaya nao walilalamika. Mwanga, maji, ngozi ya mtu, vyote huchorwa kwa programu ndogondogo ziitwazo sheda. Kwenye PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony, vifaa vya ndani vinajulikana mapema, kwa hiyo sheda huja zimeshaandaliwa. Kompyuta zina kadi na draiva (programu inayoendesha kadi) tofauti, kwa hiyo kila mashine inajiandalia zake. Ukianza kucheza kabla hazijakamilika, prosesa inafanya kazi mbili kwa mpigo, na picha inaganda.

Chomeka chaja, fungua gemu, likae kwenye menyu mpaka asilimia ya sheda ifike 100. Ni kazi ndefu, nenda kanywe chai. Ukibadilisha draiva, zinaandaliwa upya. Kisha pakua masahihisho yote ya gemu, maana yaliyofuata yalitibu mengi (bando tena, pole). Kadi yako ina kumbukumbu yake ya GB 4 tu, na RAM ya laptopu haiwezi kuziba pengo hilo, kwa hiyo kwenye mipangilio ya gemu shusha tekscha (picha zinazofunika sura za vitu) hadi ngazi ya chini kabisa.

Kinachonichosha hapa Arusha ni hii tabia ya kutibu kila kitu kwa RAM. Ni sawa na kumpa dawa ya minyoo mtu aliyevunjika mguu. Batman: Arkham Knight lilitoka Juni 2015 likiwa bovu kiasi kwamba mauzo yake ya kompyuta yalisimamishwa siku chache baadaye, likarudi Oktoba. Hapo ungeongeza RAM ngapi?

Hizo programu za kuongeza kasi ndiyo balaa zaidi. Kile kitufe cha "kusafisha RAM" kinaondoa kwenye kumbukumbu vitu ambavyo gemu bado linavihitaji, halafu linalazimika kuvisoma upya kutoka kwenye diski. Yaani unalipia kuganda zaidi. Na nyingi zinazozunguka kwenye flashi za mafundi zimekrakiwa, yaani zimevunjwa kufuli ili zitumike bila leseni, na haziingii mpaka uzime antivairasi. Vijana wananiletea laptopu eti ni nzito, nikifungua Task Manager, sehemu ya Windows inayoonyesha kinachoendelea ndani, nakuta prosesa iko asilimia 90 na hakuna hata gemu lililofunguliwa. Mtu mwingine anachimbia sarafu zake za mtandaoni humo, na umeme unaulipia wewe kwa LUKU.

Muulize huyo fundi kama alizima antivairasi alipokuwekea yake. Kama alizima, hifadhi picha na kazi zako, piga Windows upya, na maneno ya siri ya barua pepe yabadilishe kwa simu, si kwa hiyo laptopu.