Kiti cha Kizamani: Kipindue Kwanza

Nimeuziwa kiti cha Kiingereza chenye mgongo wa vifungo. Muuzaji anasema ni cha enzi ya Malkia Victoria (1837–1901). Nianze kuangalia wapi? (Msomaji, Mombasa)

Usianzie kwenye kitambaa. Kitambaa hubadilishwa, na migongo ya vifungo inatengenezwa mpaka leo. Kipindue kiti, fungua kitambaa cha chini upande mmoja tu, kisha mulika kwa tochi.

Tazama ukingo wa fremu, pale kitambaa kinapopigiliwa. Kiti kilichovishwa upya mara tatu nne huwa na matundu ya misumari yaliyosongamana mpaka mbao inaonekana kama imeliwa na dumuzi. Ukikuta safu moja safi ya pini za stepla na hakuna tundu jingine, hicho ni cha nusu ya pili ya karne ya 20 au baadaye, hata miguu ikipakwa rangi ya kizee namna gani.

Angalia pia alama za msumeno. Mistari iliyopinda ni ya msumeno wa duara, ulioenea katika karne ya 19. Matundu ya wadudu yasikudanganye: mdudu hula hata kiti cha juzi.

Ndani kuna springi za koili. Si ushahidi tosha huo? (Msomaji huyo huyo)

Ni ushahidi wa kikalio, si wa fremu. Springi za namna hiyo zilipewa hataza London miaka ya 1820, kwa jina la Samuel Pratt, na zikaenea baada ya 1830. Lakini mafundi walizitia hata kwenye fremu za zamani zaidi.

Pa kuwakamata mafundi hao ni kwenye mikanda inayobeba kikalio. Kikalio cha springi, mikanda yake hupigiliwa chini ya mbao za fremu ili springi zipate nafasi. Kisicho na springi, mikanda hukaa juu. Kwa hiyo papasa upande wa juu wa mbao hizo. Ukikuta safu ya matundu matupu, kiti kilianza maisha bila springi, na huenda fremu ni ya kabla ya Victoria. Springi bapa za kujipindapinda ni habari nyingine: hizo ni za miaka ya 1930 na kuendelea.

Kikalio kimejaa nyuzi za kahawia. Ni nywele za farasi au usumba (nyuzi za makumbi ya nazi)? (Msomaji, Tanga)

Chomoa uzi mmoja, uchome juu ya sahani, mbali na kiti. Nywele hunuka nywele zilizoungua na kujikunja kuwa kidonge. Usumba hunuka kuni na kuacha majivu. Usumba haumaanishi kiti ni kipya. Waingereza waliutumia sana tangu karne ya 19 kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko nywele. Sponji ya mpira ndiyo ya miaka ya 1930, na sponji ya kisasa ya poliyurithani ilishika soko kuanzia miaka ya 1950.

Na skrubu je? (Msomaji, Dodoma)

Toa moja. Ncha butu ni ya kabla ya katikati ya karne ya 19. Ncha kali ni ya baada ya hapo. Kichwa cha nyota ni cha miaka ya 1930 kuja huku. Skrubu moja mpya ni alama ya ukarabati tu. Linganisha tatu au nne kabla ya kuhukumu.

Chini kumechapwa CC41. Kilitengenezwa 1941? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Ni alama ya serikali ya Uingereza ya bidhaa za wakati wa vita. Fanicha za mpango huo ziliendelea kutengenezwa hadi 1952.

Niko Leicester, Uingereza. Nimwambie nini fundi sofa? (Msomaji)

Mwambie asitupe nywele: zikifuliwa na kuchambuliwa, zinarudi kazini. Apige picha ya kila tabaka kabla ya kulitoa. Kiti cha kabla ya 1950 hakibanwi na kanuni za Uingereza za 1988 za kukinga fanicha na moto, basi kitajwe umri wake kwenye risiti. Kipande cha kitambaa cha zamani akipigilie chini ya kikalio, fundi atakayefuata akikute.