Riwaya ya Upelelezi: Anza na Mpango Uliokwenda Mrama

Kabla sijagusa sura ya kwanza ya riwaya ya upelelezi, mimi huandika kurasa chache ambazo msomaji hatazisoma: mpango wa wahalifu jinsi walivyoupanga wenyewe, kana kwamba hakuna kitakachoharibika. Nani ataingia kwa mlango upi, nani atabaki garini, fedha zitagawanywaje, na kila mmoja akiulizwa atasema alikuwa wapi. Ukitaka kuandika kuhusu uhalifu uliokwenda mrama, anzia hapo, hata kama mikono inakuwasha kuanza na maiti.

Mpelelezi akifika kwenye tukio haukuti mpango, anakuta mabaki yake: kamba iliyoletwa lakini haikutumika, dirisha lililovunjwa ilhali mtu alikuwa na ufunguo. Vitu hivyo vina maana kwa sababu kuna jambo jingine lililokusudiwa. Mwandishi asiyelijua jambo hilo hutawanya dalili ovyo, na wasomaji wa riwaya hizi wananusa haraka sana.

Kisa ninachokirudia kila ninaposuka njama mpya ni cha Chicago, mwaka 1924. Nathan Leopold na Richard Loeb, vijana wa familia tajiri waliosifika kwa akili, walipanga kwa miezi kadhaa kumteka mtu, kumuua, kisha kudai kikombozi cha dola 10,000. Wakamuua Bobby Franks, mvulana wa miaka 14. Maiti ikapatikana siku iliyofuata, kabla fedha hazijalipwa, na mpango wote ukaporomoka. Karibu na maiti palikuwa na miwani. Lenzi zake zilikuwa za kawaida, ila bawaba za fremu zilikuwa adimu: katika jiji zima walikuwa wameuziwa watu watatu tu, na mmoja wao ni Leopold. Akajitetea kwamba huenda iliangukia pale alipokwenda kutazama ndege wa porini, na kwa kuwa kweli alikuwa mjuzi wa ndege, maelezo yake yaliingia akilini. Lakini wawili hao walikuwa wamedai kwamba siku ile walizunguka na wasichana katika gari la Leopold. Dereva wa familia akasema gari hilo halikutoka nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa akilitengeneza.

Tazama jinsi kisa hicho kilivyofumwa. Bahati mbaya ni moja tu, miwani kuanguka. Mengine yote yametoka katika maisha yao wenyewe: utajiri uliowapa dereva, na uongo wa gari walioutunga ili uwakinge. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata. Wahalifu wangu nawaruhusu mkosi mmoja, baada ya hapo kila mtu aangushwe na tabia yake. Kwa hiyo namuuliza kila mhusika: ukishikwa na hofu utafanya nini? Mmoja atakimbia, mwingine atarudi kufuta alama za vidole na kuacha nyingine, mwingine atakaa kimya hadi kimya chake kiwatie wenzake wasiwasi. Tafadhali usimfanye mtu mwerevu awe mjinga ghafla kwa sababu tu sura inataka kuisha.

Kwa mpelelezi, kazi ngumu ni kutenganisha kilichokusudiwa na kilichotokea tu. Mwache kwanza asome kila kitu kama kimepangwa. Wizi uliogeuka mauaji ataudhania mauaji yaliyofunikwa kwa wizi, atatafuta adui wa marehemu, na atapata watu wenye sababu za kweli za kumchukia. Hapo taharuki inajijenga bila kusukumwa.

Mambo ya kitabibu yape nafasi ndogo, ila yawe sahihi. Maiti huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, hukakamaa kabisa kwa takribani saa 12, na joto huharakisha hali hiyo. Daktari anayetaja dakika ya kifo kwa kutazama tu atakuvunjia imani ya msomaji.

Na marehemu awe mtu. Mpe kazi aliyoiacha nusu, mpe anayemsubiri.

Mpango wenyewe naufichua zikiwa zimebaki sura mbili tatu, na si kwa hotuba ya mpelelezi. Naupitisha kinywani mwa aliyekuwa dhaifu kuliko wote katika kundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuamini zaidi, na bado anashangaa ulivyoharibika.