Maji ya Juani, Lazima Yachemke?

SWALI: Hujambo Mama Nesi. Makaa yamepanda bei, na mtungi wangu wa gesi wa kilo sita haufiki mwisho wa mwezi, kwa hivyo niliacha kuchemsha maji ya kunywa. Asubuhi napandisha jerikani la manjano la lita 20 juu ya mabati, jioni naliteremsha. Maji huwa vuguvugu tu. Baba watoto ananicheka, eti lazima yachemke, na sasa mmoja wa mapacha anaharisha siku ya tatu. Jua huua viini kweli, au nilidanganywa? – Mama Pacha, Mukuru kwa Njenga

JIBU: Mama Pacha, mtoto kwanza. Siku tatu ni nyingi. Mpeleke kliniki leo, na njiani uendelee kumpa ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari inayokorogwa kwa maji. Maji ya kuikorogea yachemshe, hata kama ni kwa kuazima jiko la jirani.

Hukudanganywa. Ulikosea chombo. Njia ni mbili, nawe umezichanganya.

Ya chupa hutegemea miale ya jua kuliko joto, na miale haipiti vizuri kwenye plastiki nzito ya manjano, sembuse kufika katikati ya lita 20. Tafuta chupa za soda zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili. Bandua karatasi, jaza, zilaze kwenye mabati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Mawingu yakitanda, kama Julai yetu hii, ziache siku mbili. Ikinyesha kutwa, chemsha tu. Na maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya Taifa Leo, uchungulie kupitia mdomo wake. Usipoweza kusoma kichwa cha habari, chuja kwanza. Watoto wa Kimaasai kule Kajiado walijaribiwa hivyo, matokeo yakachapishwa mwaka 1996: waliokunywa maji ya chupa zilizokaa juani waliharisha kidogo kuliko wale ambao chupa zao ziliwekwa ndani ya nyumba.

Njia ya pili ndiyo ya joto, na mume wako amepotoka kama wengi: si lazima maji yachemke. Hapa Nairobi, kwa vile tuko juu, maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, lakini viini vya kuharisha hufa kwa nyuzi 65 yakikaa humo dakika chache. Sufuria nyeusi yenye kifuniko, ndani ya jiko la jua la katoni lililobandikwa karatasi ya kung'aa, hufika hapo siku ya jua kali.

Utajuaje bila kipimajoto? Mimi nina kijibomba cha plastiki chenye nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi. Unakitumbukiza nta ikiwa juu. Ikiteremka chini, maji tayari. Siku ya kwanza nilikitia kichwa chini miguu juu, nikakaa hadi jioni nikingoja nta iteremke, nayo ilikuwa chini tangu asubuhi. Nesi wa miaka mingi!

Kama maji yenu ni ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, jua haliondoi floridi ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kuchemsha pia hakuiondoi.

Maji ya chupa yanyweni kutoka kwenye chupa ileile, msiyamimine kwenye ndoo. Jerikani la manjano usilitupe. Liwe la maji ya kufulia.