Uliza Mwalimu: Taa wa Madoa Kabadilishwa Jina?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina kitabu cha samaki alichoniachia marehemu baba, aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi. Humo taa mwenye madoa ya buluu anaitwa Dasyatis kuhlii. Binti yangu anasomea zuolojia hapa Nairobi, na anasema jina hilo limeshapitwa, siku hizi ni Neotrygon caeruleopunctata. Samaki si yuleyule? Au wataalamu hawana kazi?
*Baba wa Msomi, Umoja*

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kitabu cha mzee kitunze, lakini kwa hili binti amekushinda.

Jina kuhlii lilitolewa mwaka 1841 na Wajerumani wawili, Müller na Henle. Kwa zaidi ya karne moja na nusu, karibu kila taa mwenye madoa hayo na utepe mweusi machoni, kutoka Bahari ya Hindi hadi Japani na Australia, alibandikwa jina hilo. Ukiwatazama kwa macho tu, wanafanana kweli.

Vinasaba ndivyo vilivyowaumbua. Samaki wengi hutaga mayai yanayochukuliwa na mikondo ya maji, watoto wakafika mbali. Taa hazai hivyo. Mama hubeba watoto tumboni, kiini cha yai kikiisha huwalisha kwa majimaji mazito kama maziwa yanayotoka kwenye kuta za mji wa mimba, kisha huzaa watoto hai, kila mmoja na mwiba wake. Hao wanakaa palepale mchangani, na kina kikuu cha bahari kwao ni ukuta. Jamii zikitengana hivyo kwa muda mrefu, kila moja inashika njia yake.

Basi mwaka 2016 wataalamu Last, White na Séret wakawagawa. Jina kuhlii likabaki kwa taa wa Visiwa vya Solomon, na wa Bahari ya Hindi wakapewa hilo analolitaja binti yako. Mwaka huohuo Last na wenzake wengine wakapanga upya Dasyatidae, familia nzima ya taa hawa. Mwaka uliofuata hata manta, yule taa mkubwa kuliko wote, akaingizwa katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Mobula.

Kazi wanayo, tena muhimu. Taa huzaa watoto wachache. Spishi tano zikiandikwa kama moja kwenye daftari la wavuvi, moja inaweza kumalizwa na hesabu bado ikaonekana nzuri.

Ukienda kununua samaki City Market mara nyingi utakuta vipande tu, lakini ukibahatika kumpata mzima, mgeuze. Neotrygon ana pembe mabegani na mkia wenye pete nyeusi na nyeupe. Akiwa wa mviringo, madoa yanang'aa na mkia una mstari wa buluu kila upande, huyo ni Taeniura lymma, aliyeelezwa na mtaalamu Forsskål mwaka 1775. Jina lake la pili, lymma, halijaguswa hadi leo, kwa hiyo wataalamu si watundu kiasi hicho!

Swali: Kaka yangu alichomwa na taa huko Kilifi, wenzake wakamshauri akojolee kidonda. Ni dawa?
*Msomaji, Kawangware*

Jibu: Si dawa. Sumu iko kwenye ngozi nyembamba inayofunika mwiba, nayo ni protini inayoharibiwa na joto. Mkojo hauna joto la kutosha. Mguu uingie kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Ayapime kwanza kwa mguu usiochomwa, maana wenye maumivu haupimi moto vizuri. Kisha aende hospitali hata akipata nafuu: mwiba una meno yanayokatikia ndani ya nyama, na sindano ya pepopunda ni lazima iulizwe. Akichomwa kifuani au tumboni, mwiba usichomolewe, apelekwe hospitali moja kwa moja.